Faili la Jumanne ya Kwanza

Huu ni mwaka wa tatu niko kwenye chumba cha vipimo, na wanaonijua hawaamini. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa mahali pamoja zaidi ya msimu mmoja na nusu. Nimechanganya zege, nimepika kwenye meli ya mizigo, nimeshika mnyororo wa wapima ardhi, nimeuza saa za mkononi ambazo zilikuwa sahihi mara mbili kwa siku. Shule niliisoma vipande vipande: darasa la kwanza mji huu, la pili mji ule, la tatu nililiruka, la nne nikalisoma mara mbili. Mguu wa kushoto niliuacha chini ya trela la mawe, na mguu wa bandia ndio ulionileta hapa. Ulikuwa umelegea skrubu. Nikaambiwa nisubiri kidogo, na nikiwa nasubiri nikashikishwa utepe wa kupimia, nisikae bure. Bado nasubiri.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kuna vitanda viwili vya kukalia wagonjwa, vyuma viwili sambamba vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, kioo kirefu kilichopasuka kona, na meza yenye kompyuta moja na printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Mezani anakaa katibu, ambaye ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Mkubwa wetu ni fundi tunayemwita Milimita, kwa sababu ukimwambia sentimita thelathini atakuuliza, "Na ngapi?" Mimi ananiita Mzee Begi. Begi langu lilikaa nyuma ya mlango tangu wiki ya kwanza, limefungwa tayari.

Sisi tunapima tu, hatuchongi. Miguu inatengenezwa kwenye karakana kubwa, mwendo wa siku nzima kwa gari. Huko wana mashine inayochonga kikombe kwa kufuata namba. Kikombe ni ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayomeza kigutu, yaani kipande cha mguu ulichobakiziwa. Kikibana kinakuchubua. Kikilegea, mguu unazunguka kama kifuniko cha chupa na wewe unakwenda chini. Kwa hiyo barua ya agizo, ile karatasi moja yenye namba tisa kwenye jedwali, ndiyo mguu wenyewe. Gari la karakana linakuja Ijumaa, kila baada ya wiki mbili. Linaleta miguu iliyokwisha, linachukua barua, na halimngoji mtu.

Zamani mpwa wangu alikuwa anasoma namba kwenye lahajedwali, lile jedwali la kompyuta tunamowekea vipimo, kisha anaziandika upya kwenye barua kwa mkono wake. Siku moja akaandika 238 badala ya 283. Bawabu mmoja wa shule akaletewa kikombe ambacho hata mkono wake usingeingia. Yule bawabu alicheka, lakini Milimita hakucheka. Akaweka sheria: hakuna barua itakayoondoka kabla mwenye mguu hajaisoma na kutia sahihi. Na mpwa wangu akaomba ruhusa ya michana miwili, akaenda kwenye mafunzo, akarudi anang'aa.

"Mjomba, njoo uone."

Nikaenda. Alizipaka rangi zile namba tisa kwenye lahajedwali, akazinakili. Kisha kwenye barua hakubandika kama siku zote. Alifungua orodha ya kubandika kwa namna nyingine, akachagua ile inayofunga kiungo.

"Ukibandika kawaida, umepiga picha," akaniambia. "Ukibandika kwa kiungo, umetoboa dirisha. Kinachobadilika kule kinaonekana huku. Tazama."

Akarudi kwenye lahajedwali, akafuta namba moja, akaandika 999. Kwenye barua, jedwali likapepesa mara moja, na 999 ikatokea pale pale. Nilikuwa nimeona mengi, lakini hilo lilinifanya nikae kwenye kiti.

Milimita alikuwa amesimama nyuma yetu. "Rudisha hiyo namba," akasema. "Hapa hatuna mgonjwa mwenye paja la tembo."

Lakini alifurahi, tulimjua. Siku ile alisahau kutukumbusha kuzima feni.

Mwezi uliofuata akaja dada mmoja, kinyozi.

Alikuja na magongo mawili na mdomo mmoja, na mdomo ulitangulia kuingia. Mguu wake ulikatwa miezi michache nyuma, ajali ya pikipiki, naye alikuwa abiria. Alikuwa ananyoa kwenye duka lenye viti viwili, kimoja chake na kimoja cha mwenzake.

"Ameniahidi kukishikilia kiti changu mpaka tarehe mosi," alituambia akijipandisha kitandani. "Si mtu mbaya. Ila wateja wanapanga foleni moja, wanachoka, wanaondoka na nywele zao. Tarehe mosi nisiposimama pale, anamweka mtu mwingine. Na huyo mtu nimemwona. Ananyoa kama anapalilia."

"Huwezi kunyoa umekaa?" nikamuuliza.

"Wewe mzee wangu, ulishanyolewa na mtu aliyekaa? Ungekubali?"

Sikukubali hata kwa kufikiria.

Nikampima. Katikati ya kigutu utepe ulisema milimita 348. Akaangua kicheko.

"Mia tatu arobaini na nane. Hiyo ni namba ya nyumba tuliyokuwa tumepanga nikiwa mdogo. Ile ya choo cha nje. Kumbe nimeondoka nayo."

Milimita akamweleza kwamba kigutu kipya kina uvimbe, na uvimbe hupungua. Atakuja kila Jumanne apimwe, na siku Jumanne mbili zitakapokubaliana, barua itakwenda. Mpwa wangu, kwa kuwa mambo yalikuwa mepesi sasa, akaitengeneza barua siku hiyo hiyo, akaifunga na faili la vipimo vya kinyozi, akasema, "Dada, wewe njoo tu upimwe. Namba zitakuwa zinajipanga zenyewe. Siku ikifika nabonyeza, inatoka."

Basi akawa anakuja. Jumanne ya pili nilipata 335. Nikaingiza kwenye kompyuta kwa kidole changu kimoja kinachojua kazi, nikahifadhi kwa jina jipya kama kawaida yangu. Jumanne ya tatu, 323. Jumanne ya nne, 322. Milimita akapima tena mwenyewe, akanyoosha mgongo, akasema, "Umetulia. Ijumaa tunatuma."

Tukahesabu siku. Barua inaondoka Ijumaa hii, mguu unarudi Ijumaa baada ya wiki mbili, na tarehe mosi inaangukia wiki inayofuata. Tulikuwa na nafasi ya agizo moja tu.

Mimi nami Ijumaa hiyo nilikuwa nimejipangia safari. Nilikuwa nimezungumza na dereva wa karakana anipe lifti. Nakwenda kufanya nini huko, sikujua. Mji wa karakana sikuwahi kuukaa, na hiyo ilitosha. Mpwa wangu nilimwambia Alhamisi, tukiwa tunafunga madirisha.

"Sawa, mjomba," akasema. Kisha akafunga dirisha ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Ijumaa gari lilifika saa nne asubuhi. Dereva alishusha masanduku yake, akaliona begi langu, akalitupa nyuma bila kuuliza. Huyo ni mtu mrefu asiye na subira, injini haizimi mpaka alale.

"Saa tano kamili naondoka," akasema. "Saa tano na dakika moja mtaniona kwenye vumbi."

Kinyozi alikuwa ameshafika, amevaa nguo ya kutokea, kama anayekwenda kutia sahihi cheti cha ndoa. Mpwa wangu akafungua barua. Kompyuta ikamuuliza kama ilivyo desturi yake: kuna viungo humu, nivisasishe? Akabonyeza ndiyo. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Kinyozi akapewa kalamu.

Akasoma. Wenzake wengi hawasomi, wanatafuta tu mahali pa sahihi. Yeye alisoma kama anayetafuta chawa. Kalamu ikasimama hewani.

"Dada, mbona nimerudi nyumbani?"

"Vipi?"

"Hapa. Mia tatu arobaini na nane. Choo cha nje." Akaigeuza karatasi kwetu. "Wiki nne nakuja hapa kukondeshwa mguu, na barua inasema sijapungua hata uzi."

Mpwa wangu akaichukua ile karatasi. Namba zote tisa zilikuwa za Jumanne ya kwanza.

"Haiwezekani. Imeuliza, nimesema ndiyo. Imesasisha."

Akafunga barua, akafungua tena, akabonyeza ndiyo kwa nguvu zaidi, utadhani mashine ni kiziwi. 348. Milimita akatoa saa yake mfukoni. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano.

"Andika kwa mkono," akasema.

"Fundi, nipe dakika."

"Kikombe kikija na upana huo, huyu dada atavaa ndoo. Andika kwa mkono, na Jumatatu tunarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani. Mimi sikuomba madirisha."

Mpwa wangu hakujibu. Mimi namjua, ni mama yake mtupu. Akinyamaza hivyo, ndani anafunga mlango na ufunguo anautupa. Tangu afike kazini hapo hakuwa amebuni kitu chochote chake isipokuwa hicho. Na ukweli ni kwamba mkono wenyewe ndio uliomletea bawabu kikombe cha mtoto.

"Milimita," nikasema, "namba nazo ni tisa tu. Mwache atazame."

"Mzee Begi, wewe si unaondoka?"

"Injini bado inanguruma. Mwache."

Mpwa wangu akabonyeza juu ya jedwali kwa upande wa pili wa kipanya, akafungua sehemu inayoonyesha viungo. Likatokea boksi dogo lenye maandishi, njia ndefu ya folda ndani ya folda, na mwisho wake jina la faili. Akalisoma kwa sauti.

"Kinyozi, Jumanne ya kwanza." Akageuka. "Mjomba, kwa nini linaitwa Jumanne ya kwanza?"

Hapo ndipo nilipojua.

"Kwa sababu ni la Jumanne ya kwanza," nikasema. "La pili linaitwa Jumanne ya pili."

"Kuna la pili?"

"Yako manne."

Akafungua folda. Yalikuwa yamejipanga pale kama watoto wa shule, manne, kila moja na Jumanne yake. Maisha yangu yote kila mji nilianza daftari jipya. Sipendi kuandika juu ya jana. Kwa hiyo kila Jumanne nilifungua faili, nikaweka namba mpya, nikalihifadhi kwa jina jipya, la zamani nikaliacha lilivyo. Kwa wagonjwa wengine haikudhuru kitu, kwa kuwa vigutu vyao ni vya miaka na vinapimwa mara moja tu kwa kila agizo. Huyu alikuwa wa kwanza kupimwa mara nne tangu tuanze viungo.

"Basi barua haikukosea," mpwa wangu akasema polepole. "Kila nilipobonyeza ndiyo, ilikwenda pale ilipoelekezwa, ikabisha hodi, ikaambiwa mia tatu arobaini na nane. Mwenyewe alishahama. Hakuacha anwani."

Nje dereva alipiga honi fupi.

"Kama barua za mama," akaongeza, hakuwa ananitazama.

Nilizijua barua hizo. Dada yangu aliniandikia kila mwaka, na kila mwaka mimi nilikuwa nimeshaondoka pale alipodhani nipo. Alipofariki, mpwa wangu alizikuta kwenye droo, kumi na moja, zimegongwa mihuri ya kurudishwa. Alinionyesha siku nilipokuja kurekebisha mguu. Hakunilaumu siku ile, na hata sasa hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaeleza namna kiungo kinavyofanya kazi.

"Kosa ni langu," nikamwambia Milimita. "Siyo la dirisha. Mimi ndiye nilikuwa nahamisha nyumba."

Milimita alinitazama, akaitazama saa yake. "Dakika kumi na saba. Linarekebishika?"

"Moja," akasema mpwa wangu.

Akabonyeza mahali pa kubadilisha chanzo, akaenda kwenye folda, akachagua Jumanne ya nne. Jedwali likapepesa. 322. Zote tisa zikashuka kwa pamoja. Kinyozi alikuwa amesogea na magongo yake, anachungulia juu ya bega.

"Huyo ndiye mimi," akasema.

Milimita hakuridhika na skrini. Akamkalisha kitandani, akapima yote tisa upya, anazitaja kwa sauti, na mpwa wangu akawa anajibu kila namba, "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Printa ikakohoa. Kinyozi akasoma tangu juu mpaka chini, akatia sahihi kubwa yenye mkia. Bahasha ikafungwa. Nikatoka nayo mbio, kadiri ya mbio za mtu mwenye mguu mmoja wa kuzaliwa, nikampa dereva dirishani.

"Panda basi, mzee."

Nikashika mlango wa gari. Nilikumbuka kwamba kuna mafaili ya wagonjwa sita mle ndani, yote nimeyapa majina yangu mwenyewe, na hakuna anayejua lipi ni la mwisho ila mimi.

"Safari ijayo," nikasema.

"Shauri yako." Na akaondoka, na vumbi lake. Niliporudi ndani, nikaketi, nikauliza tunaanzia wapi, ndipo Milimita akauliza, "Begi liko wapi?"

Begi lilikuwa limeondoka.

Kinyozi alicheka mpaka akashika vyuma. "Angalau mmoja wenu amesafiri," akasema.

Mchana ule tulipanga upya. Kila mgonjwa faili moja, jina moja, halibadilishwi hata dunia ipinduke. Ndani yake safu ya kwanza inaitwa SASA, na humo ndimo kipimo cha karibuni kinamokaa. Vya zamani vinasogezwa kulia, kila kimoja na tarehe yake, hakuna kinachofutwa. Barua zote zimefungwa kwenye SASA. Mimi nilitaka niachiwe nakala zangu za kila Jumanne, na mpwa wangu akanipa folda ya pembeni niziweke humo.

"Zunguka humo unavyotaka, mjomba," akasema. "Ila hili moja libaki mahali pake, ili anayekuja alikute."

Milimita alilijaribu mwenyewe. Akabadilisha namba kwenye SASA ya bawabu, akaitazama barua inabadilika, akairudisha. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne aliandika 999, akadhani hatukumwona.

Wiki mbili baadaye gari lilirudi. Dereva alishusha sanduku refu, na juu yake akaweka begi langu.

"Limeona mji mzima," akasema. "Limelala garini siku zote, mvua imelinyeshea mara mbili tatu. Halikulalamika."

Kinyozi alikuwa amekaa kitandani tangu saa mbili. Milimita akamvalisha soksi, akashika kikombe, akakisukuma polepole. Kikaingia kwa sauti ndogo, kama kizibo kinachorudi kwenye chupa yake. Akazungusha kidole ukingoni, akatafuta nafasi, hakuipata. Akavuta, hakikutoka.

"Simama."

Alisimama katikati ya vile vyuma, mikono imevishika mpaka vifundo vikawa vyeupe. Kisha akaachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Akajitazama kwenye kioo, akainua mikono yote miwili mbele yake, mmoja juu na mmoja chini kidogo, akaanza kunyoa kichwa cha mtu ambaye hakuwepo. Alimnyoa taratibu, akamzunguka, hatua moja ya kuume, hatua moja ya kushoto. Mguu haukuzunguka.

"Mgeuze kidogo, sikio hilo hujamaliza," Milimita akasema, na sauti yake haikuwa na milimita hata moja.

Tarehe mosi nilikwenda dukani kwake asubuhi. Nilidhani nimewahi, nikakuta watu wawili wameketi kwenye benchi. Lakini aliponiona akapiga kiti chake kwa taulo.

"Mzee wangu kwanza. Nyie mna nywele chache, zitangoja."

Alisimama nyuma yangu muda wote, dakika ishirini na tano, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Mara mbili aliegemea meza. Mara ya tatu hakuegemea. Mwenzake wa kiti cha pili alikuwa anajifanya hatazami.

"Utarudi lini?" akaniuliza akinipangusa shingo. "Kichwa hiki baada ya wiki tatu kitakuwa kichaka."

"Jumamosi, wiki ya tatu," nikasema. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu siku ya kurudi kwangu.

"Nikukute wapi usipokuja?"

"Chumba cha vipimo. Uliza tu."

Niliporudi, mpwa wangu alikuwa uani na begi langu wazi miguuni pake. Nguo zote zilikuwa zinanuka unyevu wa garini, hazivaliki. Alikuwa amezifua, anazianika moja moja kwenye kamba, mashati manne, suruali mbili, koti la melini lisilo na vifungo. Nikashika upande mmoja wa koti, yeye akashika wa pili, tukalikamua.

"Hili halitakauka leo," akasema.

"Wala kesho," nikasema, na nikamwomba kibanio kingine.